Mvua ya Tano

Jumatatu ile, katikati ya Desemba, mwezi wa mvua, mbingu juu ya Randuasih ilikuwa buluu tupu, kama sahani iliyooshwa ikafutwa kwa kitambaa. Kijiji kizima kiliifurahia. Wanawake walitandaza kerupuk mbichi, vile vitafunwa vyembamba vya unga vinavyokaushwa juani kabla ya kukaangwa, kwenye chanja za mianzi bila kutazama juu hata mara moja. Nyumbani kwa Bu Karsih, ambako harusi ilikuwa Alhamisi, mafundi wa turubai walikuwa wakipiga nyundo tangu alfajiri, na kila aliyepita njiani alimsalimu mwenzake kwa kuisifu hali ya hewa. Mtu mmoja tu ndiye aliyeitazama mbingu ile kama anayemtazama mgeni aliyekalia kiti chake.

Wening Prastiwi aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kompyuta mapajani, pembeni mwa kiwanja cha mama yake cha kuanikia. Nyuma yake paa la plastiki angavu lilikuwa limekunjwa kwenye reli zake kama pazia lililosogezwa ukutani. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kumalizia chuo: paa ambalo, likihisi matone, lingejivuta lenyewe na kukifunika kiwanja chote kabla kerupuk hazijalowa. Alilichomelea kwa mikono yake, baada ya kuharibu vyuma vingi katika kujifunza kuchomelea. Alilifungia mota mbili na vihisi vinne, akaliandikia maagizo yaliyojaza kurasa kumi na moja. Na lilifanya kazi. Kilichobaki ni kulithibitisha, na msimamizi wake, Pak Hendratno, alikuwa na sharti lake.

"Mvua tano," alimwambia tangu mwanzo. "Mvua za Mungu, si za mpira wa bustani. Mpira haujui kuanza kwa manyunyu, haujui upepo, wala haukuvizii ukiwa umegeuka. Ukiniletea nne, nitakuuliza ya tano iko wapi."

Alikuwa na nne. Vipimo vyote vilitakiwa kuingizwa kwenye mfumo wa chuo kabla ya Ijumaa saa kumi alasiri. Akichelewa, hatapangiwa siku ya utetezi muhula huu. Na chuo kiliruhusu mihula kumi na minne tu, nao huu ulikuwa wa kumi na nne. Katika miaka hiyo saba, miwili aliitumia hapa kiwanjani, baba yake alipougua hadi akafariki, na hakuwahi kuijutia. Lakini orodha ya majina yanayofutwa haina safu ya sababu.

"Bado unaikodolea macho?" Yu Painah alimuuliza. Alikuwa mkubwa wa waanikaji, "Yu", yaani dada, kwa kiwanja kizima, mwanamke mfupi mwenye mikono mikavu na ulimi usiopumzika. "Mbingu haina haya, Wening. Hata uitazame mpaka kesho."

"Ni Desemba, Yu. Desemba! Wiki iliyopita tulikuwa tunaogelea humu."

"Wiki iliyopita Bu Karsih hakuwa na harusi."

"Mvua haijui harusi."

Yu Painah aligeuza kerupuk moja, akaipuliza vumbi, akairudisha mahali pake. "Haijui? Na zile pilipili ulizochomeka Jumamosi, ulidhani unapanda bustani?"

Wening aliinamia kompyuta yake.

Jumamosi alikwenda kwa Bu Karsih kusaidia, kama walivyokwenda wanawake wote wa nyumba za jirani. Alipewa kilima cha vitunguu, akakaa kukimenya huku machozi yakimtiririka, akipiga soga na Lintang, bi harusi mwenyewe, rafiki yake tangu walipokuwa wakigombania dawati moja shule ya msingi. Bu Karsih akatokea jikoni na njiti ya ufagio wa chelewa, ametunga juu yake pilipili nyekundu tatu na kitunguu kimoja.

"Nani hapa hajaolewa?" aliuliza.

"Wening!" Lintang alipaza sauti. "Wengine wote walishaolewa wakanikimbia."

Kicheko kikalipuka. Ndiyo desturi: njiti ya kuzuia mvua huchomekwa na msichana ambaye hajaolewa, na mkono ulioichomeka ndio huiondoa. Wening aliichukua, akaenda nyuma ya jiko na mikono yake inayonuka vitunguu, akaichomeka ardhini, akarudi kumalizia hadithi aliyoikatisha. Hakuwaza lolote. Alifanya kama mtu anavyovua viatu mlangoni.

"Yu," alisema sasa kwa sauti ndogo, "wewe unaamini kweli kwamba..."

"Mimi naamini kwamba una kazi," alisema Yu Painah, na wenzake, waliokuwa wakisikiliza tangu neno la kwanza, wakaangua kicheko hadi chanja moja ikainama.

Jumanne asubuhi alimpigia simu Pak Hendratno. Alikuwa ameyaandika maneno yake kwenye karatasi ili asiyumbe. Alimweleza kwamba mvua nne zilizopita zimetoa matokeo yanayolingana, na kwamba kitakwimu ya tano isingebadilisha mengi.

"Tatizo ni nini?" Pak Hendratno aliuliza.

"Hali za mahali, Pak."

"Hali gani?"

"Za... anga."

Upande wa pili ilisikika sauti ya kijiko ndani ya kikombe. "Wening, huo ni msimu wa mvua. Mimi hapa nimekuja kazini na viatu vimeloa. Niletee ya tano."

Alikata simu akabaki akiitazama ile karatasi. Chuoni alijifunza kuandika sentensi zisizo na watu ndani yake. Kipimo kilichukuliwa. Ilibainika kwamba. Alizipenda, zilikuwa kama vyumba vilivyofagiwa, mtu anaingia na kutoka bila kuulizwa ni mtoto wa nani. Kule alikuwa mhandisi, huku alikuwa binti wa mwenye kiwanja, na kwa miaka saba wawili hao walipishana kwenye kituo cha mabasi bila kusalimiana. Sasa mmoja wao alikuwa amemharibia mwenzake kwa pilipili tatu.

Mzuia mvua wa harusi alikuwa Mbah Samidi, babu wa kila mtu kijijini, na siku za kawaida Mbah Samidi alikuwa kinyozi sokoni. Wening alimkuta akimnyoa dereva mmoja wa lori, mtu mnene aliyefungwa shuka hadi kidevuni.

"Karibu, mjukuu wangu. Umekuja kupunguza nywele?"

"Hapana, Mbah. Nimekuja kutafuta mvua."

Dereva alicheka ndani ya shuka lake. "Watu wote wanakuja mvua ikatwe, huyu anataka iongezwe!"

Wening alieleza yote, kwa mpangilio, tangu mvua ya kwanza hadi muhula wa kumi na nne. Mbah Samidi alisikiliza huku mkasi ukiendelea.

"Mimi sizuii mvua," alisema mwishoni. "Nani anaweza? Naiomba isubiri, kama unavyomwomba mgeni asubiri barazani mpaka uvae. Bado ni mgeni wako. Ataingia."

"Ataingia lini?"

"Ukiitoa njiti."

"Kwa hiyo nikiitoa leo..."

"Mkono ni wako. Bu Karsih amealika watu mia sita, lakini mkono ni wako."

Wening aliona uso ukimpata joto. "Mbah, nisamehe. Mimi siyaamini mambo haya. Nasomea uhandisi."

"Vizuri sana," alisema mzee, bila dalili yoyote ya kuudhika. Alipuliza nywele kwenye wembe. "Basi kaitoe sasa hivi. Kama si kitu, utakuwa umeng'oa pilipili kwenye udongo. Nani atakulaumu?"

Wening alisimama. Alishika mkoba wake. Dereva alikuwa akimtazama kupitia kioo, nusu ya kichwa chake imenyolewa na nusu bado.

"Mbona huendi, dada?" aliuliza.

Wening aliuweka mkoba chini tena. Mbah Samidi alimgeuza dereva kichwa kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayefunga dirisha.

"Hata mimi ziko siku siamini," alisema. "Lakini siku ya harusi naenda kukaa nyuma ya nyumba ya watu, nanywa kahawa yao, naitazama mbingu pamoja nao. Hilo sijawahi kukosa."

Jumatano mawingu yalianza kujikusanya upande wa kusini. Alhamisi yalikuwa yamepandana kama masufuria meusi, yakavimba, yakanguruma, na hayakuvuka. Chini ya turubai wageni walinyoosheana vidole kuelekea kusini na kusema, "Mbah Samidi huyo!" wakarudi kwenye sahani zao. Mwimbaji aliimba nyimbo za mapenzi kwa sauti ya puani. Lintang alikaa jukwaani kando ya mumewe, amevishwa maua ya yasimini mpaka mabegani, amepakwa rangi hata yeye mwenyewe, alisema, angejiamkia kwa heshima akijikuta njiani.

Wening alibeba trei. Hakuwa amemwambia Lintang lolote. Saa saba mchana, wageni walipofurika, alitumwa nyuma ya jiko kuchukua sahani, na hapo akaiona njiti.

Kuku walikuwa wamechakura udongo. Njiti ilikuwa imelala upande, kitunguu kikigusa ardhi, imebakiza kidogo tu idondoke. Hapakuwa na mtu. Ngurumo ilipita mbali, ndefu, kama kabati linaloburutwa sakafuni.

Alichuchumaa. Ingeanguka yenyewe, alifikiri. Hakuna mkono ambao ungekuwa umefanya lolote. Angeweza kuinuka, kuchukua sahani, na kuwaachia kuku wamalizie. Na kama mvua ingekuja, ingekuja kwa sababu za mvua. Ingenyesha dakika kumi tu. Kutoka mbele ya nyumba alisikia mtu akimtania bi harusi kwenye kipaza sauti, kisha kicheko cha Lintang, kile kicheko chake cha mlango unaofunguliwa kwa teke, ambacho hata uzito wa maua yale haukuweza kukituliza.

Vidole vyake vilitangulia kabla hajaamua. Aliisimamisha njiti. Aliushindilia udongo kwa dole gumba pande zote, akaenda kuchukua kipande cha tofali, akakiweka upande wa kuku. Alipomaliza alibaki pale, akilitazama dole lake lenye matope kwa mshangao, kama kwamba ni la mtu mwingine aliyemjua zamani na kumpenda. Kisha akaanza kucheka peke yake.

"Pole sana, muhula wa kumi na nne," alisema, akabeba sahani.

Kilichomshangaza ni wepesi. Alitarajia kuumia, na labda angeumia kesho. Lakini alasiri ile alipita katikati ya wageni na trei yake juu ya bega, akiwauliza nani hajapata supu, na miguu yake haikugusa ardhi vizuri.

Yu Painah ndiye aliyeshindwa kufunga mdomo. Wageni wa mwisho walikuwa hawajafika hata barabarani Lintang alipotokea nyuma ya jiko, ameshika sketi yake juu ya magoti, maua yakimpiga kifuani. Nyuma yake alikuja mumewe, Bagas, mwalimu wa shule mwenye upole wa kupita kiasi, amembebea viatu.

"Wewe! Ni kweli?"

"Nini?"

"Usinifanye mjinga siku ya harusi yangu. Kwamba unafukuzwa chuo kwa sababu ya pilipili za mama?"

"Sifukuzwi. Bado. Na si kwa sababu ya pilipili, ni mgandamizo wa hewa..."

"Ungeniambia!"

"Ungefanyaje? Ungeolewa kwenye matope?"

"Ningeolewa na mabuti!" Lintang aliuelekezea kidole uso wake. "Sura hii imepakwa kwa saa nne, Wening. Ingestahimili tone moja au mawili kwa ajili yako."

"Hayangekuwa mawili. Yangekuwa ndoo."

Walitazamana. Kicheko kiliwapata wote wawili kwa pamoja, kikawakunja, na kope moja ya bandia ya bi harusi ikabanduka na kuning'inia shavuni.

"Mimi nishike nini?" Bagas aliuliza.

"Shika kuku!" alisema Lintang. "Haya, Wening. Toa."

Wening aliinama, akaitoa njiti. Wote watatu wakainua nyuso juu. Hakuna kilichotokea. Tena, kama kwamba ni dhihaka, mawingu ya kusini yalianza kupasuka na jua likachungulia katikati yake. Mbah Samidi alikuwa kwenye benchi lake karibu na tanuri, kikombe mkononi.

"Mbah!" Lintang alilalamika. "Mbona haiji?"

"Mmeisubirisha karibu wiki nzima," alisema mzee, "halafu mnataka ije ikikimbia?"

Ijumaa ilianza na jua. Wening alipaka reli grisi. Alisafisha vihisi kwa kitambaa kikavu, kimoja kimoja, akakagua nyaya, ingawa alizikagua jana na juzi. Watu wa harusi walikuwa wameleta viti vya kukodi na kuvipanga kiwanjani kungoja gari, na waanikaji walipita katikati yake wakinung'unika. Saa tano upepo ukageuka. Saa sita kasoro wanaume walikwenda msikitini, na sauti ya hotuba ikaanza kufika kupitia kipaza sauti, nzito na ya usingizi. Wanawake walibaki, pamoja na Lintang, aliyekuja na gauni la nyumbani na mikono yake bado imepakwa hina.

"Mtu asiguse chanja," Wening aliwakumbusha. "Hata ikianza. Hata moja."

"Tumesikia," alisema Yu Painah.

"Hata ukiumia moyo, Yu."

"Nimesema nimesikia! Mfungeni kamba yeye kwanza, anatetemeka."

Lilianguka tone moja kwenye ndoo. Likafuata jingine kwenye mkono wa mama yake Wening. Wanawake kumi na wawili walisimama wamejikumbatia, kila mmoja akiizuia mikono yake kwa mikono yake, kwa mateso ya mtu anayetazama maziwa yakifurika jikoni na kuambiwa asiyaepue. Taa ndogo nyekundu iliwaka. Mota ziliguna. Paa likatikisika, likajivuta, likaanza kukimbia juu ya reli zake, robo ya kiwanja, nusu ya kiwanja, na hapo likakwama.

Kiti. Kiti kimoja cha harusi kilikuwa kimeteleza kutoka kwenye rundo na kuingiza mguu wake relini. Mota zililia. Matone yakaongezeka. Wening alikuwa ameshainuka alipokumbuka alichokiandika mwenyewe kwenye sura ya tatu, kwamba mtafiti hatagusa chombo wakati wa jaribio, akaganda na mguu mmoja hewani.

Lintang hakuwa ameisoma sura ya tatu. Aliruka chanja mbili, akakipiga kiti teke ambalo lilisimuliwa kijijini kwa siku nyingi. Kiti kikaruka na kutua mtaroni. Paa likapumua, likamalizia safari yake, likajifunga mpaka ukingoni, na papo hapo mbingu nzima ikamwagika juu yake kwa kishindo.

Hakuna aliyesikia alichokisema mwenzake baada ya hapo. Yu Painah alikuwa akicheza peke yake na chanja kichwani. Mama yake Wening alikuwa amekaa chini kati ya kerupuk zake kavu, akicheka na kulia, akizigusa kama mtu anayehesabu watoto. Mtaani wanaume walitoka msikitini wakakwama chini ya baraza, wakawa wanapunga mikono bila kujua wanashangilia nini.

Wening alitazama kompyuta. Sekunde hamsini na nane. Katika mvua nne za kwanza, paa halikuwahi kuzidi arobaini. Ingekuwa rahisi kuandika arobaini. Kiti hakikuwa sehemu ya chombo, wala teke. Alikaa kitambo na vidole juu ya vitufe, mvua ikinguruma juu ya kichwa chake. Aliandika hamsini na nane. Saa tisa na robo akatuma.

Utetezi ulipangwa Januari, katika chumba chenye baridi ya mashine na meza iliyofunikwa kitambaa cha kijani. Kama ilivyo desturi, mtetezi ndiye aliyeleta vitafunwa: chai, keki za mchele, na kerupuk za kwao, zilizokaangwa asubuhi ile. Watahini walikuwa watatu: Pak Hendratno, mhadhiri mmoja mzee aliyekuwa akisinzia, na Bu Retnaningsih, ambaye sifa yake chuoni ilikuwa kusoma tasnifu kuanzia ukurasa wa mwisho.

"Mvua ya tano," alisema. "Sekunde hamsini na nane. Kwa nini?"

"Kiti kilikuwa kwenye reli, Bu."

"Kiti gani?"

"Cha harusi."

"Kiliondolewaje?"

"Kwa teke, Bu."

"Teke la mtafiti?"

"La bi harusi."

Pak Hendratno alikuwa akichungulia kikombe chake kana kwamba kuna kitu kimeandikwa ndani. Bu Retnaningsih alirudi nyuma kurasa kadhaa.

"Ukurasa wa sitini na mbili. 'Siku sita bila mvua kutokana na hali za mahali.' Hali zipi?"

Wening alikuwa na jibu. Alikuwa ameliandaa kwa wiki tatu. Lilikuwa na mgandamizo wa hewa ndani yake, mwelekeo wa upepo, na mchoro mmoja mzuri wa rangi mbili. Alisimama kando ya mchoro ule, akanyoosha mkono kuuonyesha, na mkono ukarudi wenyewe.

"Jirani alikuwa na harusi, Bu. Kulikuwa na njiti ya pilipili."

Mhadhiri mzee alifumbua macho.

"Nani aliichomeka?" aliuliza Bu Retnaningsih.

Sentensi isiyo na mtu ilikuwepo, tayari, kwenye ncha ya ulimi. Ilichomekwa na wakazi wa eneo husika.

"Mimi," alisema Wening.

"Wewe. Uliyekuwa unaitafuta mvua."

"Ndiyo, Bu. Nilikuwa nasaidia kumenya vitunguu."

"Na ulijua kwamba ni mkono wako ndio ungeweza kuitoa."

"Nilijua. Alhamisi niliikuta imelala, kuku wameichakura. Nikaisimamisha."

"Ukaisimamisha." Bu Retnaningsih alivua miwani. "Kwa nini?"

Wening alifikiri. Hakutaka kusema zaidi ya ilivyokuwa, wala pungufu.

"Kulikuwa na watu wanakula, Bu."

Mhadhiri mzee, aliyekuwa amekwisha kuuma kerupuk, alisita katikati na kuiacha mdomoni bila kuivunja.

"Unaamini kwamba njiti ile ilizuia mvua?"

"Sikuipima, Bu."

Kerupuk ilivunjika kwa mlio mkubwa.

Walimtoa nje ili washauriane. Alisimama kwenye ujia, mgongo ukutani, akisikia sauti zikipanda na kushuka ndani, kisha kicheko, na hakuweza kujua kama ni cha kumchekea au cha kumcheka. Aligundua kwamba hakuwa akijutia hata neno moja. Mlango ulipofunguliwa aliingia na kusimama pale pale aliposimama mwanzo.

"Umefaulu," alisema Pak Hendratno, na sauti yake ilikuwa na kitu kilichomlazimu kunywa chai kabla ya kuendelea. "Kuna sahihisho moja."

"Ukurasa wa sitini na mbili," alisema Bu Retnaningsih. "'Hali za mahali' haliwezi kuwa neno la mtu aliyekuwapo. Andika ilivyokuwa. Ukihitaji kutumia 'mimi', tumia."

Nje, wenzake wa mwaka wake walikuwa wameshaondoka chuoni zamani, wana kazi na watoto. Waliokuwa wakimsubiri ni wadogo zake wa maabara, ambao nusu yao hakuyajua majina. Walimvisha utepe wenye jina lake hivyo hivyo, wakamtupia maua mikononi, wakapiga picha nyingi, wakakimbilia darasani. Wening aliketi kwenye ngazi za jengo, juani, akapiga simu nyumbani.

"Mama, nimefaulu."

Hakusikia jibu, alisikia mama yake akimgeukia mtu na kusema, "Amefaulu," kisha neno lile likipita kutoka mdomo hadi mdomo likienda mbali na simu, hadi likamfikia Yu Painah, aliyelipokea kwa ukelele.

"Wening? Wening, usikate," mama yake alisema aliporudi. "Subiri kidogo. Subiri."

Kulikuwa na upepo ndani ya simu. Kisha mota zikaguna, moja nyuma ya nyingine, na paa likapita likikwaruza reli hadi mwisho. Halafu ikaanza, kubwa, ya karibu, ikipiga plastiki hadi sikio likamwasha. Mama yake lazima alisahau kwamba ameshika simu. Wening aliwasikia wakiitana, mtu akimtania mtu, sahani zikigongana. Mkono wake ulikwenda mfukoni kutafuta kalamu, aandike saa ya kuanza. Aliipata. Akakaa nayo mkononi, maua mapajani, mbele yake uwanja wa chuo ukimeta kwa jua kali, akaisikiliza mvua isiyo na namba ikinyesha nyumbani kwao.